Sindano Ilikuwa Yangu, Kijiko Kilikuwa cha Wote

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mkazi wa Dar es Salaam, mume wa mke mmoja na baba wa mtoto mmoja. Naishi na virusi vya UKIMWI tangu mwaka 2014, dawa nameza bila kukosa, na kipimo changu cha mwisho cha wingi wa virusi kilionyesha kwamba havionekani. Zamani nilikuwa mtumiaji wa unga, yaani heroini, nikijidunga kwa karibu miaka saba, lakini tangu mwaka 2019 niko kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya unga, na kila asubuhi napita kliniki kunywa dozi yangu kabla ya kwenda gereji ninakofanya kazi.

Mwaka jana nilifiwa na mama yangu huko Tanga. Niliondoka usiku uleule niliopigiwa simu, sikuaga kliniki wala sikuwaza habari ya dozi, na siku ya tatu ya matanga arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dozi, ilinishika hata nikashindwa kukaa na waombolezaji. Nikakutana na vijana wawili tuliokua pamoja, tukachanga fedha ya kete moja ya unga. Naapa, Mama, kwamba sikuazima sindano ya mtu: nilikwenda duka la dawa nikanunua mpya, na wenzangu kila mmoja alikuwa na yake. Kijiko cha kuyeyushia unga kilikuwa kimoja, na maji tulichota kwenye kikombe kimoja. Jambo hilo lilitokea mara mbili. Niliporudi Dar es Salaam niliwaeleza wauguzi ukweli, wakanirudisha kwenye dozi, na tangu hapo sijarudia.

Miezi miwili iliyopita nilipimwa homa ya ini kliniki. Wakaniambia B sina, ila C ninayo. Aliyenipa majibu alikuwa na haraka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, watu wakiwa nyuma yangu kwenye foleni, kwamba C haina dawa kwa mtu mwenye VVU na kwamba ini lenyewe ndilo litakaloamua.

Mke wangu sijamwambia. Yeye pia anaishi na VVU, anatumia dawa vizuri, na ana mimba ya miezi sita. Nimetenga sahani yangu na kikombe changu kwa kisingizio cha vidonda vya tumbo, na kitandani nimejiweka mbali hadi ameanza kuniuliza kama nina mwanamke mwingine. Jirani anashauri niache dawa za VVU kwa muda ili ini lipumzike, nitumie mitishamba ya kusafisha ini. Mjomba anataka nikaumikwe ili itoke damu chafu.

Naomba unieleze: nimeupataje ugonjwa huu ilhali sindano ilikuwa mpya? Kwa nini dawa zinazofubaza VVU hazikunikinga? Mke wangu na mtoto aliye tumboni wako salama? Na je, ni kweli nisubiri ini liamue?

Fundi wa gereji, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba wa mama.

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, usisubiri ini liamue. Homa ya ini C inatibika na kupona kabisa, na mtu anayeishi na VVU hupona kwa kiwango kilekile cha asiye na VVU. Aliyekupa majibu amerudia maneno yaliyokuwa na ukweli fulani nilipokuwa bado nafanya kazi wodini. Enzi hizo matibabu yalikuwa sindano za interferoni kila wiki pamoja na vidonge vya ribavirini, hadi wiki 48, mgonjwa akitetemeka kwa homa, akikonda na kuingiwa na huzuni nzito, na mwisho wake chini ya nusu ya wenye VVU ndio waliopona. Kisha mwaka 2013 Marekani iliidhinisha kidonge kiitwacho sofosbuvir, ambacho bei yake huko wakati huo ilikuwa dola 84,000 kwa wiki 12, na ndiyo maana habari zake zilifika kwetu kama habari za ndege binafsi, yaani kitu cha watu wengine. Tangu hapo viwanda vingine vimetengeneza dawa hiyohiyo kwa bei iliyo sehemu ndogo sana ya ile ya kwanza. Leo mgonjwa humeza vidonge kila siku kwa wiki 12, mara nyingi sofosbuvir pamoja na daclatasvir, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanaomaliza dozi hupona. Kutolewa majibu hayo mbele ya foleni ni kosa jingine, na una haki ya kumlalamikia mhusika kwa msimamizi wa kliniki.

Lakini nataka turudi nyuma hatua moja, kwa maana hata hatujui bado kama unaumwa. Kipimo cha haraka ulichofanyiwa hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaandaa ulipokutana na virusi vya homa ya ini C. Askari hao hubaki kwenye damu maisha yote, hata kama virusi vilikwisha kuondoka zamani. Ni kama kuamka asubuhi ukaona nyayo uani: unajua kwamba mtu alipita, ila hujui kama bado yumo ndani ya nyumba. Takriban watu 3 kati ya 10 wanaoambukizwa huvishinda virusi hivi wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yoyote, ingawa kwa wenye VVU bahati hiyo huwa ndogo zaidi. Kinachotakiwa sasa ni kipimo cha pili kinachotafuta virusi vyenyewe, na jina lake kwa maabara ni HCV RNA. Liandike kwenye karatasi uende nalo. Mashine ya GeneXpert, ambayo wengi mnaijua kwa kupima kifua kikuu, inaweza kufanya kipimo hiki ikiwekewa kifaa chake maalumu, hivyo ukiambiwa kwamba hakipo pale ulipo, omba rufaa ya kwenda hospitali kubwa badala ya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Jambo la pili ambalo barua yako imelipita haraka ni hili: unaulaumu msiba wa Tanga, lakini kipimo hakisemi mwaka. Ulijidunga kwa karibu miaka saba kabla ya methadoni, na sidhani kwamba miaka yote hiyo kila mtu maskani alikuwa na vifaa vyake. Inawezekana kabisa kwamba virusi, kama vipo, vimekaa nawe miaka kumi au zaidi, kwani watu wengi hawaoni dalili yoyote mwanzoni: macho hayawi manjano, tumbo halivimbi, na uchovu unadhaniwa kuwa wa kazi. Nalisema hili kwa sababu moja tu ya kitabibu. Muda mrefu unamaanisha ini lipimwe makovu kabla ya tiba, na kwa hilo daktari anaweza kuanza na vipimo vya kawaida vya damu, vya vimeng'enya vya ini na idadi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, akapiga hesabu. Ini lililokwisha kusinyaa kwa makovu linaweza kuhitaji dozi ndefu zaidi na kufuatiliwa hata baada ya kupona, kwa sababu hatari ya saratani haiondoki pamoja na virusi.

Sasa kijiko. Umeapa kuhusu sindano na nakuamini, lakini kosa hili nimelikuta kwa watu waangalifu kuliko wengine wote, wale walioshika sana somo la UKIMWI kwamba sindano isiazimwe, wakadhani somo limekwisha. Homa ya ini C ni ugonjwa wa damu, na tone lake la kuambukiza ni dogo kiasi kwamba jicho halilioni. Mtu akishajidunga mara moja kwa bomba lake la sindano, hata kama ni lake peke yake, mdomo wa sindano hiyo una damu. Akiuingiza tena kwenye kikombe cha maji, maji yote yamepata damu. Akivuta tena kutoka kwenye kijiko, kijiko kimepata damu, na kipande cha pamba au chujio la sigara lililotumika kuchuja kimeinyonya na kuitunza. Vivyo hivyo pale ambapo kete moja inayeyushwa kwa pamoja, kisha mmoja anavuta yote na kuwagawia wenzake kwa kuwajazia mabomba yao: kila mmoja atasema sindano ni yangu, na atakuwa anasema kweli. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba virusi hivi vinaweza kudumu vikiwa hai ndani ya bomba lenye mabaki ya damu hadi siku 63, na juu ya sehemu kavu kwa wiki kadhaa. Kusuuza kwa maji hakutoshi. Jiki huweza kupunguza hatari, ila si kinga ya kutegemea. Kwa anayejidunga bado, kinga ni kila mtu kuwa na sindano, bomba, kijiko, maji, pamba na hata kamba ya kufungia mkono vilivyo vyake na vipya kila mara, na kinga iliyo bora kuliko hiyo ni methadoni unayokunywa, kwa kuwa inamwondolea mtu haja ya kuitafuta mishipa.

Umeuliza kwa nini dawa za VVU hazikukukinga. Ni kwa sababu zimetengenezwa kuzuia vimeng'enya vya VVU, na virusi vya homa ya ini C ni ukoo mwingine kabisa usiotumia vimeng'enya hivyo. Ule ujumbe mzuri tunaoufundisha CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya wenye VVU, kwamba mwenye virusi visivyoonekana hamwambukizi mwenzake kwa ngono, unahusu VVU peke yake. Naogopa kwamba ujumbe huo umewafanya baadhi yenu muione damu yenu kuwa imesafishwa na kila kitu. Chanjo ya homa ya ini C nayo haipo hadi leo. Iliyopo ni ya homa ya ini B, na wewe ambaye umeambiwa B huna, uliza kama unaweza kuchanjwa, sindano tatu ndani ya miezi sita.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana homa ya ini C sugu, na kwamba kati ya wanaoishi na VVU takriban milioni 2.3 wamewahi kuambukizwa, zaidi ya nusu yao wakiwa watu wanaojidunga dawa za kulevya. Njia hiyo moja ndiyo iliyoviunganisha virusi hivi viwili. Vikikutana katika mwili mmoja, VVU huharakisha makovu ya ini, hasa kinga ya mwili inapokuwa imeshuka, na dawa za VVU ndizo zinazopunguza kasi hiyo. Kwa hiyo ushauri wa jirani yako, kuacha dawa ili ini lipumzike, ni kinyume kabisa cha unachohitaji, na ukiufuata utalichosha ini zaidi. Mitishamba ya kusafisha ini usiiguse: ini halisafishwi, na baadhi ya mitishamba hiyo nimeona ikimleta hospitali mtu aliyekuwa anatembea. Pombe iache yote, mnazi ukiwemo. Ukiumwa kichwa, muulize daktari kiasi cha parasetamoli kinachokufaa kabla ya kununua mwenyewe.

Mjomba umwambie kwa heshima kwamba kuumikwa hakuondoi virusi, kwa sababu damu itakayobaki mwilini itakuwa na virusi vilevile. Tena kama wembe ni uleule na pembe ni ileile, unaweza kumwachia ugonjwa anayekaa baada yako, au ukaongezewa wa kwako. Hili naliandika pia kwa wasomaji ambao hawajawahi kuona unga: chale za mganga, kutahiri kwa kisu kimoja, kuchora mwili, kutoga masikio, wembe wa kinyozi na sindano za kuchomwa majumbani ni njia za damu kama zilivyo nyingine. Wamisri walijifunza kwa uchungu. Kati ya miaka ya 1950 na 1980 kampeni ya kutibu kichocho kwa sindano zisizochemshwa vizuri iliwaambukiza homa ya ini C watu wengi mno vijijini, na mwaka 2018 serikali yao ilianza kupima nchi nzima na kuwatibu.

Nije kwa mke wako, na hapa nitakugombeza kidogo. Sahani na kikombe virudishe kabatini. Ugonjwa huu hauenei kwa chakula, mate, kukumbatiana, kikohozi wala choo. Vitu vya kutenga ni vile vinavyogusa damu: wembe, mswaki, mkasi wa kucha, na kidonda chochote kifungwe. Kwa mume na mke maambukizi kwa ngono ni nadra, ingawa hatari huongezeka kidogo kukiwa na VVU, vidonda vya sehemu za siri au damu ya hedhi. Basi tumieni kondomu hadi majibu yatoke, na hilo linatosha. Kwa wanaume wanaoishi na VVU na kufanya ngono na wanaume wenzao hali ni tofauti, kwani miji ya Ulaya kama London na Amsterdam imeshuhudia maambukizi mengi kwa njia hiyo tangu miaka ya 2000, na hao wanapaswa kupimwa mara kwa mara. Utaona kwamba ulikimbia kitanda kwa jambo dogo na kumwachia mkeo wasiwasi mkubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwambie, na umwambie kabla ya kliniki yake ijayo, kwa sababu naye anapaswa kupimwa. Kama hana virusi vya C, mtoto hana pa kuvipata. Kama anavyo, takriban watoto 6 kati ya 100 wa mama mwenye homa ya ini C huambukizwa, na mama akiwa na VVU pia idadi inaweza kukaribia 11. Bado ina maana kwamba karibu 9 kati ya 10 huzaliwa salama. Kwa kawaida tiba ya C husubiri hadi mama ajifungue na daktari aamue wakati unaofaa, na mtoto hupimwa baadaye, kwa kingamwili akitimiza miezi 18. Maziwa ya mama hayaenezi homa ya ini C isipokuwa chuchu zikipasuka na kutoa damu. Kwa hiyo utaratibu wa kunyonyesha aliopewa kwa ajili ya VVU na auendeleze, na dawa zake asikose hata siku moja.

Ukienda kuanza tiba, beba kadi zako zote mbili, ya CTC na ya methadoni. Kama unatumia kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir, kama ilivyo kwa wengi siku hizi, hakigombani na sofosbuvir wala daclatasvir, na methadoni nayo haina ugomvi nazo. Anayetumia bado efavirenz au atazanavir lazima aseme, maana kiasi cha daclatasvir hubadilishwa kwake. Daktari pia anapaswa kuhakikisha kwa mara nyingine kwamba homa ya ini B huna, kwa kuwa B iliyojificha inaweza kuamka wakati C inatibiwa. Baada ya kumaliza dozi utasubiri wiki 12, ndipo upimwe tena virusi vyenyewe. Usikubali kupimwa kingamwili wakati huo, kwa sababu nyayo zitakuwepo tu na utatishwa bure.

Kuhusu Tanga: safari ijayo, hata ya dharura, piga simu kliniki ukiwa njiani waangalie wanavyoweza kukusaidia usikose dozi. Na ukikosa siku tatu usirudi kunywa kiasi cha zamani bila kuwaambia, kwa kuwa mwili unakuwa umeshalegea na dozi ileile inaweza kukuzimisha pumzi.

Wale vijana wawili hukuniuliza habari zao, lakini walichota maji yaleyale. Kupona C hakumpi mtu kinga. Unaweza kuambukizwa upya wiki moja baada ya kidonge cha mwisho. Wapigie simu. Usiwaambie nani alimwambukiza nani, kwa sababu hakuna anayejua. Waambie tu kilichokuwa kwenye kile kikombe, na jina la kipimo.